Mbwa Mtoro: Jinsi ya Kumweka Nyumbani kwa Salama

Neno "mtoro" si geni kwa wasomaji wa gazeti hili. Kila shule ina daftari la mahudhurio, na kila mwalimu wa zamu awajua wale wasioweza kukaa ndani ya ua wa shule isipokuwa kengele ya chakula imelia. Lakini mtoro wa makala haya si mwanafunzi. Ni mbwa: yule mnyama afugwaye ili alinde nyumba, ambaye jioni haonekani, usiku asikika akibweka mtaa wa tatu, na asubuhi arudi amechoka, amejaa matope, na pengine ana jeraha sikioni.

Watu wengi humcheka mbwa wa namna hii, na bwana wake husema, "Atarudi tu, anajua kwao." Ni kweli, mara nyingi hurudi. Swali ni hili: arudi na nini? Katika makala haya tutaeleza kwanza hatari ya mbwa mtoro, kisha sababu zinazomfanya atoroke, na mwisho njia za kumzuia ambazo mtu wa kawaida aweza kuzifuata bila ya gharama kubwa.

HATARI YAKE

Hatari kubwa kupita zote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, mate huingia katika jeraha, na virusi husafiri polepole kwa njia ya neva mpaka vifike katika ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa wiki moja tu, au ikafika mwaka mzima. Muda huo wote mtu aliyeumwa ajiona mzima, na huenda akasahau kabisa kwamba aliumwa. Walakini dalili zikisha kuonekana kwake, hapana dawa ya kumponya. Karibu kila mtu hufa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwamba katika kila watu 100 wanaokufa, 40 hivi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa.

Sasa tufikiri. Mbwa akaaye nyumbani hukutana na watu wa nyumba na wageni wao. Mbwa atembeaye usiku hukutana na mbwa wasio na mwenyewe kwenye jalala, na akiwa karibu na pori hukutana na bweha na fisi. Akiumwa huko, hapana shahidi. Asubuhi arudi nyumbani, na mtoto mdogo amkumbatia.

Hatari ya pili ni barabara. Mbwa hajui sheria za usalama barabarani, na mwendesha pikipiki anayemkwepa mbwa gizani aweza kuanguka akavunjika mguu au akafa. Hatari ya tatu ni ugomvi baina ya majirani. Mbwa akila kuku wa watu au akikimbiza mbuzi, bwana wake hana la kusema ila kulipa. Na jirani aliyekwisha kuchoka huenda akatega sumu, na sumu haichagui: humwua mbwa, na paka, na yaweza kumdhuru mtoto.

Tena yafaa tukumbuke jirani mwenye kusali. Waislamu wengi wa nchi zetu hufuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo kitu kilichoguswa na mate ya mbwa hutoharishwa kwa kukioshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Mtu aliyejitengeneza kwenda msikitini, kisha akarukiwa na mbwa wa jirani mwenye pua ya majimaji, amepata udhia ambao asiyeujua aweza kuudharau. Sheria ile ile haikukataza mbwa wa kulinda nyumba, mifugo au shamba. Lakini mbwa wa kulinda ni yule aliyepo mahali pa kulinda.

Hatari ya nne hufika mbali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walipatwa na ugonjwa uitwao distempa, ambao watu waliujua kuwa ni ugonjwa wa mbwa. Karibu theluthi moja ya simba wa mbuga ile walikufa, na virusi vilivyoonekana kwao vilikuwa vya jamaa moja na vile vya mbwa wa kufugwa. Tokea hapo mbwa wa vijiji vingi vinavyoizunguka mbuga walichanjwa. Hivyo mbwa wa mkulima, akizurura, aweza kuwa na jambo na mfalme wa wanyama.

KWA NINI MBWA HUTOROKA

Fundi hodari hachukui nyundo kabla ya kujua kilichovunjika. Vivyo hivyo mtu asijenge ukuta kabla ya kujua mbwa wake atoroka kwa sababu gani. Sababu zilizo kubwa ni tano.

Ya kwanza ni njaa. Mbwa anayepewa makombo leo, na kesho asipewe kitu, hujifunza upesi kwamba jalala halikosi chakula. 

Ya pili ni kutafuta mwenziwe. Jike huwa na majira yake, aghalabu mara mbili kwa mwaka, na kila mara huchukua wiki tatu hivi. Katika siku hizo madume hunusa harufu yake kutoka mbali sana, na dume aliyekuwa mtulivu mwaka mzima ataruka ukuta ambao hajapata kuutazama. Jike naye hutafuta njia ya kutoka.

Ya tatu ni upweke na kukosa kazi. Mbwa ni mnyama wa kuishi kwa kundi, na asili yake ni mbwa-mwitu wa Ulaya na Asia ambaye hutembea mwendo mrefu kila siku. Ukimfunga peke yake tangu asubuhi mpaka usiku, bila ya kutembea wala kuchezewa, atajitafutia kazi mwenyewe, na kazi iliyo karibu ni kuchimba.

Ya nne ni hofu. Radi za masika, na baruti na fataki za sikukuu, humtia mbwa hofu kuu, kwa maana masikio yake yasikia sauti nyingi ambazo yetu hayazisikii. Mbwa mwenye hofu hakumbuki mafunzo. Hupita po pote, hata penye seng'enge, akajikata vibaya.

Ya tano ni maradhi. Jambo hili wengi hawalijui. Mbwa aliyekuwa mtulivu miaka mingi, kisha ghafla akaanza kuzurura bila ya kusudi, huku akitokwa na mate mengi, sauti yake imebadilika, anauma vijiti na mawe, au taya lake limelegea kama lililoteguka, huyo si mtoro. Huenda ni mgonjwa wa kichaa. Wengine hawawi wakali, bali hupoa na kujificha gizani. Mbwa wa namna hiyo asishikwe wala asikaribiwe. Watoto waondolewe, na bwana mifugo apewe habari mara moja.

AKILI YA MBWA NA FUNZO LA BWANA THORNDIKE

Kabla ya kusema habari za ua, tujifunze kwa mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Thorndike. Mwaka 1898 alitoa habari za majaribio yake juu ya akili ya wanyama. Alitengeneza masanduku ya mbao yenye mlango uliofungwa kwa kamba au kitasa, akamtia ndani paka mwenye njaa, na chakula akakiweka nje. Paka alihangaika, akakwaruza huku na huku, mpaka kwa bahati akagusa kile kilichofungua mlango. Aliporudishwa ndani, mara ya pili na ya tatu na ya kumi, muda wa kutoka ulizidi kupungua, na mwisho alifungua mara tu alipotiwa. Majaribio kama hayo aliyafanya kwa mbwa pia. Thorndike aliona kwamba tendo lifuatwalo na faida hurudiwa, na tendo lisilo na faida huachwa.

Kutokana na hayo twapata mambo matatu ya kutusaidia. 

Kwanza, kila mbwa anapofaulu kutoroka, amepewa somo na zawadi yake: mfupa, mwenziwe, au mchezo. Kwa hiyo kutoroka kwa kwanza ndiko kwa kuzuiwa hasa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo ni kweli neno kwa neno. 

Pili, ukiinua ua kidogo kidogo, leo futi moja na mwezi ujao futi nyingine, humzuii mbwa, bali wamfundisha kuruka. Ni kama mwalimu wa michezo anayepandisha ufito wa kuruka juu hatua kwa hatua. Kama ua hautoshi, uinue mara moja mpaka kimo asichokiweza.

Tatu, usimpige mbwa anaporudi. Mtu akipiga, adhani amempiga kwa kutoroka. Lakini mbwa hakumbuki ukuta alioruka jana usiku. Akumbuka kwamba alikuja kwa bwana wake, akapigwa. Mara ya pili atakawia kurudi, au ataogopa kukaribia. Mbwa arudiye apokewe kwa upole, apewe maji, akaguliwe mwili kama ana jeraha, afungiwe, kisha bwana wake atafute alipopitia.

UA

Chunguza kwanza njia yake. Kuna mbwa warukao, wachimbao, wajipenyezao, na wangojeao lango lifunguliwe. Tazama alama za makucha ukutani, udongo uliofukuliwa, na nywele zilizonaswa katika waya. Dawa ya mmoja siyo dawa ya mwingine.

Mbwa arukaye. Kwa mbwa wa kimo cha kawaida, ua wa futi 6, yaani karibu mita 1.8, hutosha mara nyingi. Lakini urefu si kitu kama kuna ngazi. Tuseme mtu amejenga ukuta mzuri wa matofali, kisha akaweka pipa la maji kando yake. Ukuta ni futi 6, pipa ni futi 3. Kwa mbwa, ukuta umebaki futi 3. Basi ondoa mapipa, kuni, matofali ya akiba, na kichuguu cho chote kilicho karibu na ua, na ukate matawi yanayoinama. Kama mbwa hupanda kwa makucha, funga juu ya ua kipande cha wavu wa waya upana wa futi moja na nusu, kikiinamia ndani. Njia nyingine rahisi ni kuvuta waya mgumu juu ya ua, na kabla ya kuufunga uuvishe mabomba ya plastiki yaliyotumika ya maji. Mbwa akishika kwa miguu ya mbele, bomba lazunguka, naye ateleza kurudi ndani bila ya kuumia. Hii ni bora kuliko chupa zilizovunjwa juu ya ukuta, ambazo humkata mbwa na fundi na mtoto afuataye mpira wake.

Mbwa achimbaye. Huyu hataki ua mrefu, bali ua wenye mizizi. Chimba mtaro wa kina cha futi moja chini ya ua, ujaze mawe makubwa yaliyobanana, kisha ufukie. Au chukua wavu wa waya wenye upana wa futi 3, ukunje katikati kama herufi L. Nusu moja ifungwe kwenye ua, na nusu ya pili ilale chini upande wa ndani, ifukiwe kwa udongo na mawe. Ncha za waya zikunjwe chini zisimchome. Mbwa huanza kuchimba pale pale ukuta ulipogusa ardhi. Akikuta waya, hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili akaanze tena.

Mbwa ajipenyezaye. Ua wa makuti, mabua au mabingobingo humficha mtu asionekane, lakini haumzuii mbwa. Vivyo hivyo ua wa minyaa uliopandwa kwa nafasi kubwa. Minyaa ina ubaya mwingine: utomvu wake mweupe huwasha sana, na ukiingia katika jicho la mbwa au la mtu huleta madhara makubwa. Michongoma ni bora, mradi ipandwe kwa kubanana na kupunguzwa ili ichipue chini. Mpaka iote vema, funga wavu wa kuku au mabanzi sehemu ya chini, futi 3 kutoka ardhini. Kipimo cha tundu ni kichwa: mahali panapopita kichwa cha mbwa, mwili wake hukaribia kupita.

LANGO

Nyumba nyingi zina ukuta wa thamani na lango la bahati nasibu. Lango liwe na komeo ambalo pua ya mbwa haiwezi kuliinua, na bawaba zilizokaza lisiachie mwanya. Chini pasibaki nafasi ya zaidi ya inchi 3. Ikiwa gari limechimba mifereji, jaza kokoto au zege. Kadhalika jizoeze kulifunga lango nyuma yako kila upitapo, na uwafundishe watoto na wageni.

Kwa mbwa angojeaye lango, njia iliyo bora ni malango mawili. Ndani ya lango kubwa jenga kizuizi kidogo cha mabanzi au wavu chenye kimlango chake, kiasi cha mtu kusimama na baiskeli. Atakayeingia afunga la nje kwanza, kisha afungua la ndani. Mbwa akiponyoka katika la kwanza, amefika chumbani tu, hajafika barabarani.

KIBANDA NA MNYORORO

Si kila mtu ana fedha ya kujenga ua. Yeye asiyeweza kuzungushia kiwanja chote aweza kuzungushia sehemu ndogo. Jenga kibanda cha mabanzi chenye paa la bati au makuti, kiinuliwe kidogo juu ya ardhi kisiingie maji, na kiwe na nafasi mbwa asimame, ageuke, na kulala amejinyosha. Mbele yake zungusha uwanja mdogo wa mita 3 kwa 2 au zaidi, uufunike juu kwa wavu kama mbwa ni mrukaji. Pawe na kivuli mchana kutwa, na maji safi katika chombo kizito kisichopinduka.

Watu wengi hutumia mnyororo. Mnyororo wa kudumu mchana na usiku haufai: humfanya mbwa kuwa mkali, na mkanda humchubua shingo. Lakini kwa saa chache waweza kutumika kwa akili. Mkanda wa shingo uwe na nafasi ya vidole viwili kupita baina yake na shingo. Ukilegea zaidi atautoa kichwani, ukikaza utamkaba. Mbwa asifungwe kabisa mahali ambapo mnyororo unafika kwenye ua, kwa maana akiruka atabaki ananing'inia upande wa pili, na hufa.

Iliyo bora kuliko kigingi ni waya wa kutelezea. Vuta waya imara baina ya nguzo mbili au miti miwili, tia pete ndani yake, na mnyororo ufungwe katika pete. Wanafunzi wa hisabati wataona faida yake. Mbwa aliyefungwa kigingini kwa mnyororo wa mita 4 ana duara la eneo la mita za mraba 50 hivi (22/7 × 4 × 4). Mbwa mwenye mnyororo wa mita 2 tu, lakini wenye pete itelezayo juu ya waya wa mita 10, ana mstatili wa mita za mraba 40 na nusu-duara mbili za mwisho, ambazo pamoja ni 12 na zaidi kidogo. Jumla ni 52. Amepata uwanja mkubwa kidogo, kwa mnyororo ulio nusu, tena hauzungukii kigingi ukamkaba. Mahesabu hayo yafaa yakiwa kiwanja ni kitupu. Kwa hiyo ondoa vitu vya kunasa, na weka kizuizi katika waya mita 2 kabla ya kila nguzo ili mnyororo usiizunguke. Kwa kizuizi hicho hukosa sehemu ya uwanja, na dawa yake ni kurefusha waya.

Jambo moja zaidi. Desturi ya wengi ni kumfungia mbwa mchana na kumfungulia usiku alinde. Kama kuna ua mzima, desturi hiyo haina ubaya. Lakini kama hakuna ua, yule mlinzi aliyefunguliwa saa tatu, saa nne yuko jalalani, na mwizi akija hamkuti mtu. Mbwa asiyekuwapo halindi. Afadhali abweke akiwa ndani ya kibanda chake, kuliko kuwa mkali katika mtaa wa watu wengine.

CHAKULA, KAZI NA MAFUNZO

Ua ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni kumfanya mbwa aone nyumbani ni kuzuri kuliko nje.

Apewe chakula cha kutosha kwa saa zile zile, asubuhi na jioni. Ugali uliochanganywa na dagaa au mchuzi wa nyama humfaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwa maana hupasuka vipande vikali vikamchoma tumboni. Chakula cha jioni kitolewe ndani ya ua, si nje ya lango, ili ajue saa hiyo mahali pake ni wapi.

Atembezwe kwa kamba kila siku, hata kama ni nusu saa tu alfajiri au jioni. Kazi hii yafaa sana kwa kijana wa nyumba mwenye nguvu za kutosha kumzuia. Kisha afundishwe kuitika jina lake. Anza ndani ya ua: mwite mara moja, na akija mpe kipande kidogo cha chakula na umsifu. Usimwite kamwe ili umpige au umwogeshe kwa nguvu. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kidume cha miezi mitatu hujifunza kwa wiki jambo ambalo mbwa mzima hujifunza kwa miezi.

Kwa ajili ya yale majira ya kutafuta mwenziwe, daktari wa mifugo aweza kumhasi dume, au kumfanyia jike upasuaji asizae. Hayo hupunguza kuzurura na kupigana, na hupunguza watoto wa mbwa wasiotakiwa, ambao ndio wanaojaza jalala. Asiyeweza gharama hiyo, na amfungie jike mahali imara wiki zote tatu. Siku za baruti na za radi mbwa atiwe chumbani mapema, madirisha yafungwe, mtu akae karibu naye.

CHANJO

Hapana ua usiopata kufunguka hata siku moja. Kwa hiyo kila mbwa achanjwe, hata yule asiyetoka. Aghalabu chanjo ya kichaa huanza mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoagiza. Cheti chake kitunzwe kama cheti cha shule. Wataalamu wameona kwamba mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea kutoka mbwa hata mbwa. Maana yake ni kwamba mbwa wako mmoja ni sehemu ya ukuta wa kijiji kizima.

UKIUMWA, NA UKIKUTANA NA MBWA NJIANI

Chanjo ya kumwokoa mtu aliyeumwa ilijaribiwa na Louis Pasteur wa Ufaransa mwezi wa Julai, 1885, kwa mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, naye hakufa. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba, 1895, na siku hii leo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kwa hiyo hapana haja ya mtoto kufa, mradi mambo mawili yafanywe upesi. La kwanza, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kwa saa, hata kama ni mkwaruzo mdogo. La pili, nenda hospitali siku ile ile ukapewe chanjo, na umalize sindano zote katika siku ulizoandikiwa. Usipake jeraha majani, wala mafuta, wala majivu. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Mbwa mwenyewe, akiwa ajulikana, afungiwe mahali imara na aangaliwe siku 10 kwa amri ya bwana mifugo.

Wanafunzi wanaotoka nyumbani alfajiri waweza kukutana na mbwa mtoro. Usikimbie, maana mbwa hufuata kinachokimbia. Simama kama mti, mikono ubavuni, usimkazie macho, na akipoa ondoka polepole kwa kurudi nyuma. Akikuangusha, jikunje kama ngumi, ufunike shingo na masikio kwa mikono.

KAZI YETU SISI TULIO SHULENI

Pengine mtu atasema kwamba mambo haya ni ya wazazi wenye mbwa. Siyo. Nyuma ya jiko la shule mara nyingi huonekana mbwa wawili watatu wakingoja makombo, na wanaowatupia ni sisi. Kwa funzo la Bwana Thorndike, kila tonge tulitupalo ni zawadi kwa mbwa aliyetoroka kwao. Basi makombo yatiwe katika pipa lenye kifuniko, nasi tumsaidie bwana mpishi kulifunga.

Na wakati wa likizo, kila mwanafunzi mwenye mbwa kwao aufanye mzunguko mmoja wa ua akiwa na karatasi na kalamu. Aandike kila tundu, kila pipa lililo karibu na ukuta, na kila bawaba iliyolegea. Aulize cheti cha chanjo ni cha mwaka gani. Kisha ampe baba au mama karatasi hiyo kwa adabu, na ajitolee kufanya kazi yeye mwenyewe. Mtaro wa futi moja ni kazi ya jembe na siku mbili. Ni kazi ndogo, ikilinganishwa na safari moja ya kwenda hospitali na mtoto aliyeumwa.